Kompyuta ya Tundu Moja na Haki ya Vipimo

Wapo wabunifu wanaoota kompyuta iliyopunguzwa mpaka ibaki na vipande vichache tu, kila kipande kikichomekwa kwenye kingine kwa tundu la aina moja. Betri, kioo, kibodi, diski, paneli ya sola na bodi inayofanya hesabu vyote vinakutana kwa mlango uleule. Chochote kinachomolewa bila bisibisi, na kilichokufa kinabadilishwa bila kuvitupa vilivyo hai. Mjadala juu ya mashine ya namna hii huwa wa ufundi na bei: itakuwa nene kiasi gani, itagharimu shilingi ngapi, itaenda kasi gani. Hoja yangu ni kwamba chini ya maswali hayo kuna swali la haki, na ni swali ambalo dini zetu zililishughulikia karne nyingi kabla umeme haujajulikana. Tundu linalotegemewa na watu wasiojuana ni kipimo, sawa na mizani ya sokoni, na kipimo ni amana. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mbunifu kama mashine yake ni nyepesi au ya kupendeza, tumuulize kama kipimo alichokiweka katikati ya watu ni cha haki.

Katika maeneo kama Morotonga, kwenye ukanda wa wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara, swali hili lina uzito kuliko katika miji ilikozaliwa ndoto hiyo. Mashine inapofika huku imekwisha kupita mikono mingi: kiwanda cha Asia, bandari, wauzaji wa jumla, maduka ya Mwanza au Musoma au ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na mara nyingi mtumiaji wa kwanza aliyeichoka. Katika msururu wote huo hakuna anayebaki kuwajibika kwa mnunuzi wa mwisho. Kompyuta ya mapajani inapozima, kilichokufa huwa mara nyingi kitu kimoja: betri, tundu la chaji, waya wa kioo au diski. Lakini kiwanda kimevigandisha vipande hivyo kwa gundi na kuvipa maumbo yasiyopatikana penginepo, na hivyo ugonjwa wa kimoja unakuwa msiba wa vyote. Fundi hana spea inayoingia. Nauli ya kuifuata mjini inakaribia thamani ya mashine yenyewe. Chombo kinafungiwa kabatini ingawa sehemu zake nyingi ni nzima. Sola nazo zina kisa kama hicho, kwa kuwa seti nyingi za majumbani zimeuzwa na pini za pekee, hata taa ya seti moja haiingii kwenye betri ya nyingine. Ukiwa mbali na kiwanda, umbo la tundu ndilo linaloamua kama unamiliki chombo au umekikodi mpaka siku kitakapoharibika.

Kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti, Tanzania imekwisha kuona. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu yake ya 1100, iliyotumia betri ya BL-5C, kipande chembamba cha volti 3.7 chenye ncha za chuma zilizo wazi. Hakuna baraza lililokaa na kuitangaza betri hiyo kuwa ya umma. Ilienea tu, mpaka watengenezaji wengine wakaitumia katika redio ndogo, spika na simu za bei ya chini, na redio ikishaishiwa ikaweza kuazima betri ya simu. Pamoja nayo ikaenea chaja ya kobe, kibanio cha plastiki chenye sindano mbili zinazosogezwa mpaka ziguse ncha za betri yoyote ile. Kobe hakuuliza betri imetoka kampuni gani. Alitaka kujua tu ncha ziko wapi. Hicho ndicho kiunganishi cha wote kwa ufupi wake wa mwisho, na kiliwahudumia watu ambao mbunifu yeyote wa simu hakuwa amewafikiria. Kisha simu za betri isiyotoka zikatawala soko, na kobe akakosa kazi. Hakupigwa marufuku na sheria yoyote, wala mtumiaji hakuulizwa. Haki ya kutengeneza ilikuja bila kutolewa na mtu, ikaondoka bila kunyang'anywa na mtu, na hapo ndipo pa kujifunza: haki inayotegemea bahati ya umbo haijawa haki bado.

Ushahidi wa pili ni wa chuma kizito. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kati ya 1905 na 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067, kwa kuwa ilikusudiwa iungane na reli za Zambia. Tofauti ni milimita 67, isiyofika urefu wa kidole, lakini imetosha kulizuia behewa la reli moja lisikanyage nyingine, hata mwaka 1998 kukafunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imeleta upana wa tatu, milimita 1,435. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake. Upana wa TAZARA ulikuwa na sababu tukufu: Zambia ilikuwa imebanwa na tawala za walowezi upande wa kusini, na Tanzania ilitaka kuwa mlango wake wa bahari. Sababu za kisiasa zilizouzaa uamuzi huo zimekwisha kupita, na milimita 67 zimebaki. Anayechagua umbo la kiungo anachagua nani atakuwa jirani ya nani, tena anawachagulia hata watakaozaliwa baada yake. Uamuzi wenye nguvu namna hiyo hauwezi kuachwa uwe siri ya karakana.

Dini zimeujua uzito huu kwa njia ya mizani. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, agizo la kumpenda mgeni kama nafsi yako linafuatwa papo hapo na agizo la mizani ya haki na vibaba vya haki. Mpangilio huo una maana. Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wanaokipunguza kipimo na kuikuza bei, na anawataja pamoja na wanaowakanyaga maskini. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wanaopunja. Na Nabii Shuaibu, aliyetumwa kwa watu wa Madyani, baada ya kuwaita kwenye ibada ya Mungu mmoja aliwaita watimize kipimo na mizani. Pwani yetu pishi moja, yaani vibaba vinne, ndiyo iliyopimia zaka ya fitri, hata ibada yenyewe ikawa inategemea chombo ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanakiamini. Mtu anaweza kuuliza kwa nini Mwenyezi Mungu ajishughulishe na vyombo vya sokoni. Jibu naliona katika ujirani wa yale maagizo ya Walawi. Ndugu na ndugu wakipunjana, ukoo unaweza kusuluhisha. Wanajuana, wana wazee, wana kesho ya kukutana tena. Mgeni hana chochote cha kushika isipokuwa kipimo. Anayekichezea kipimo haibi nafaka peke yake. Anaiba uwezekano wa wageni kuaminiana, na wizi huo hauwezi kurudishwa kwa kulipa fidia ya kilo.

Mkulima wa Mara anakijua kipimo cha uongo kwa jina lake: lumbesa. Gunia linashindiliwa, linaongezewa kilemba juu, linafungwa kwa kamba, kisha linanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza mfungashio unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo imekuwa ikiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Ubaya wake hauko katika ukubwa. Uko katika kulitumia jina na umbo ambalo watu wamekubaliana nalo, huku kilichomo ndani kikiwa kingine. Sasa tuutazame waya wa USB-C, ambao wabunifu wengi wa kompyuta ya tundu moja wanauchagua. Umbo lake lilitangazwa mwaka 2014, likiwa na pini 24 na sifa ya kuingia upande wowote. Nyaya mbili za umbo hilo zinaweza kulala juu ya meza moja bila jicho kuzitofautisha, moja ikipitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde na nyingine gigabiti 40; moja ikibeba wati 60 na nyingine wati 240. Nyingine hazipitishi data kabisa, kazi yake ni chaji tu. Anayenunua sokoni anaona umbo, analipia umbo, na anapata asichokijua. Umbo moja lisilokuwa na ahadi moja ni lumbesa iliyogeuzwa, na linamuumiza zaidi yule aliye mbali na pa kurudishia bidhaa.

Kutokana na hapo naweza kusema ninachokiona kuwa kiini cha usahili katika ubunifu. Kupunguza ni wema pale tu mbunifu anapojua apunguze wapi. Mwaka 2019 kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, ya jamii ya mashine za bei nafuu zilizokusudiwa tangu 2012 kuwafikia wanafunzi, ilitoka ikiwa na tundu la USB-C la umeme. Taratibu za USB-C zinataka kila moja ya pini mbili za utambuzi iwe na rezista yake. Wabunifu waliziunganisha pini hizo kwenye rezista moja. Matokeo yake baadhi ya chaja zenye nyaya za kisasa ziliitambua bodi kimakosa, zikakataa kuipa umeme. Watengenezaji walikiri kosa na kulirekebisha katika bodi zilizofuata. Kosa ni dogo, lakini linafundisha kuliko makosa mengi makubwa, kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa wanapunguza, na kupunguza ndiyo sifa yao. Walipunguza mahali pasipo pao. Ndani ya bodi yake mbunifu ni bwana; anaweza kuondoa, kubana na kurahisisha apendavyo. Kwenye tundu, ambako chombo chake kinakutana na chombo cha mtu mwingine, si bwana tena. Pale amesimama kwenye ahadi, na ahadi haipunguzwi na upande mmoja.

Kutosheka, ambako Waislamu na Wakristo wanakuhesabu kuwa fadhila, kumekuwa kukieleweka na wengi kama sifa ya mtumiaji: ridhika na ulichonacho, usitamani kingi. Mahubiri hayo yakielekezwa kwa mtu wa Morotonga anayeshiriki kompyuta moja na wenzake ishirini yana harufu ya dhihaka. Kompyuta ya tundu moja inatufundisha kukielekeza kisu upande wa pili. Anayepaswa kutosheka kwanza ni mtengenezaji. Atosheke na bei ya kipande alichouza bila kutamani kuuza pia betri, chaja, waya na matengenezo ya miaka kumi ijayo. Atosheke kuwa sehemu ya mashine ambayo nyingine itatengenezwa na mshindani, na nyingine na fundi wa Mugumu asiyemjua. Akubali kwamba kazi yake inaishia kwenye tundu. Huo ni unyenyekevu mgumu, kwa sababu biashara kubwa za zama hizi zimejengwa juu ya kutokubali mwisho. Mashine yenye vipande vitano vinavyofungwa kwa siri ya kampuni moja si sahili hata ikiwa nyembamba kama daftari, na yenye vipande vitano vilivyo wazi kwa yeyote inabaki sahili hata ikiwa nene kama kitabu cha nyimbo.

Pingamizi la kwanza ni la kidini, na ndilo zito kuliko yote. Hadithi ya Babeli, katika Mwanzo 11, inasimulia watu wa lugha moja waliojenga mnara, na Mungu akawachafulia usemi na kuwatawanya. Je, tundu moja la wote si mnara mwingine? Je, si njia ya kuufanya ulimwengu wote uvae kiatu cha namba moja? Pingamizi hili lina nguvu zaidi likisemewa Mara kuliko penginepo, maana hapa wanaishi pamoja Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waikizu, Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Wajaluo na Watatoga, na kiunganishi chao kipo tayari, nacho ni Kiswahili. Kiswahili kimewaunganisha, kikamwezesha mwana wa Wazanaki wa Butiama kuongoza taifa lenye makabila zaidi ya mia. Lakini hakikufanya hivyo bila gharama. Kikurya kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Anayeandika Kikurya kwa irabu tano za shuleni anapoteza tofauti ambazo sikio la bibi yake linazisikia wazi, na ndiyo maana kazi ya kuziandika na kuzitafsiria Biblia lugha za Mara imelazimika kuhangaika na irabu hizo. Kiungo kilichokuwa cha kukutania kimeingia shuleni, kanisani na jikoni, na pale kilipoingia kimebana. Nakubali pingamizi hili kwa sehemu: kiunganishi kinaweza kula vile kilivyokuja kuviunganisha.

Hata hivyo tukisoma kwa makini, maandiko hayasimami upande wa utengano. Siku ya Pentekoste, katika Matendo 2, wageni kutoka nchi nyingi hawakupewa lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Qurani katika sura ya 30 inazihesabu tofauti za lugha na rangi kuwa miongoni mwa ishara za Mungu, na katika sura ya 49 inasema kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Kujuana kunahitaji vitu viwili kwa pamoja: tofauti inayobaki, na mahali pa kukutania. Babeli ilikuwa na cha pili bila cha kwanza; ilikuwa umoja wa ndani mpaka nje. Kiunganishi cha haki kinafuata mpango wa Pentekoste, kwa kuwa kinaweka sheria kwenye tundu na kunyamaza juu ya kilichoko nyuma ya tundu. Betri iwe ya kemikali yoyote, kioo kiwe kikubwa au kidogo, kibodi kiwe na herufi za irabu saba kama Mkurya anazihitaji, mradi mkutano wao ufuate ahadi moja. Kosa la Kiswahili katika historia yake ya Mara, pale lilipokuwepo, halikuwa kuunganisha. Lilikuwa la wale waliokitumia kuamua kipi kisemwe ndani ya nyumba. Mipaka hiyohiyo ndiyo ya kumwekea mbunifu: anayedai usanifu wa ndani kwa jina la tundu la nje amevuka.

Pingamizi la pili linasema kwamba cha wote kikiwa na kasoro, kasoro nayo inakuwa ya wote. Ni kweli. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita zingeweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha. Idadi hiyo inatisha. Lakini tuone dawa ilikuwa nini: mtu kufungua kifuniko kwa kucha, kutoa betri, kuweka nyingine, na simu ikaendelea kuishi. Mwaka 2016 Samsung ilipata tatizo la betri kushika moto katika Galaxy Note 7, simu ambayo betri yake imefungiwa ndani. Simu zipatazo milioni 2.5 ziliitwa zirudishwe zikiwa nzima, zilizotolewa badala yake nazo zikashika moto, na Oktoba mwaka huohuo simu hiyo ikaachwa kutengenezwa. Kasoro zote mbili zilikuwa za betri. Tofauti ya hasara ilitokana na kiungo: mahali kilipokuwa wazi, ugonjwa wa sehemu ulibaki wa sehemu. Hivyo hofu ya kasoro ya pamoja, ikichunguzwa mpaka mwisho, inakuwa hoja ya kukifanya kiungo kiwe wazi na kikaguliwe na wengi.

Pingamizi la tatu ni la wanaoogopa kudumaa. Mwaka 2009 makampuni makubwa ya simu yaliafikiana na Tume ya Ulaya kutumia tundu la micro-USB, na kama maafikiano hayo yangefanywa sheria isiyobadilika, wanasema, tungekuwa bado na tundu lile dhaifu lililokuwa likilegea baada ya mwaka. Badala yake USB-C ilizaliwa, na sheria ya Ulaya ya 2022 ikailazimisha kwa simu kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 na kwa kompyuta za mapajani kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Sipingi kwamba kiungo kinaweza kuzeeka. Lakini historia ya kompyuta inaonyesha kwamba utulivu wa kiungo ndio uliowapa wabunifu nafasi ya kukimbia. Altair 8800 ya mwaka 1975 ilikuwa na nafasi za kuchomekea kadi ambazo watengenezaji wengine waliziiga na kuzijaza, na kompyuta ya IBM ya 1981 ilipoacha nafasi zake wazi, viwanda vingi visivyo vya IBM vilipata riziki humo. Waliokuwa na wazo jipya hawakulazimika kujenga mashine nzima. Walijenga kadi moja. Kipimo kinaweza kubadilishwa, kwa sharti kibadilishwe hadharani, kwa taarifa ya mapema, na bila kuwatupa walioamini kipimo cha jana. Asiyestahili kukibadilisha ni yule anayefaidika peke yake kwa mabadiliko hayo.

Pingamizi la nne ni la soko, nalo linasema kwa sauti kavu kwamba watu hawataki mashine ya vipande. Google ilijaribu simu ya namna hiyo katika mradi wa Ara, ikauacha mwaka 2016. Mnunuzi wa Tarime akiwekewa simu nyembamba iliyofungwa na nyingine nene inayofunguka, atachukua ya bei ndogo. Najibu kwa sehemu mbili. Kwanza, Ara ilitaka kugawa simu katika vipande vingi mno, na ugumu ulitokana na tamaa hiyo. Kompyuta ya mapajani ya Framework, inayouzwa tangu 2021, imechagua vipande vichache vinavyochakaa kwa kweli na kuvifanya vitoke, na imepata wanunuzi. Usahili unahusu idadi ya viungo pia. Pili, haki ya vipimo haijawahi kuachiwa soko peke yake, na palipohitajika washindani wamekubaliana. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliafikiana kwamba mteja wa pesa za simu aweze kutuma kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote na hivyo sababu ndogo ya kufungua mlango, ilijiunga 2016. Mkubwa kuchelewa ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa ukuta humnufaisha aliye na uwanja mpana. Lakini alijiunga, na leo mwenye duka wa Mugumu hamwulizi mteja yuko mtandao gani kabla ya kupokea shilingi elfu kumi.

Kuna jambo ambalo hoja hii haiwezi kulifanya, na lazima liwekewe mpaka. Tundu la haki halimpi mtu kompyuta, kama vile mizani ya haki isivyompa mwenye njaa unga. Kuunganishwa kwa vyombo si kuunganishwa kwa watu. Koo mbili zinaweza kuchaji simu kwa chaja moja na zisipatane juu ya ng'ombe. Anayetarajia kiunganishi kizae upendo anakitwika kazi ya dini yenyewe. Kazi yake ni ya chini zaidi, nayo haina mbadala: kuhakikisha kwamba wasiopendana, wasiojuana na wasioonana wanaweza kushughulika bila mmoja kumpunja mwenzake. Manabii hawakudharau kazi hiyo ya chini. Waliiweka karibu sana na ibada.

Kwa hiyo anayebuni kompyuta ya tundu moja kwa ajili ya shule na ofisi za vijiji vyetu apimwe kwa masharti matatu. Umbo la tundu litangazwe bure, pande zote mbili, ili fundi yeyote aweze kutengeneza chochote kinachoingia humo. Umbo lichukue ahadi moja tu, au liandikwe kwa nje kile linachokiahidi, ili mnunuzi asinunue lumbesa. Na kipande kinachochakaa kitoke kwa mkono, bila kibali cha aliyekiuza. Nchi hii inayo Shirika la Viwango Tanzania na Wakala wa Vipimo, na serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa wa kompyuta za shule. Masharti hayo yakiandikwa kwenye zabuni yatasikika viwandani kuliko malalamiko ya mafundi elfu. Kukagua tundu la waya kwa jicho lilelile tunalokagulia mizani si kuikuza teknolojia kupita kimo chake. Ni kukubali kwamba mgeni anayekutana nasi leo sokoni anakutana nasi kwa waya pia, na kwamba deni letu kwake, kipimo kamili, halijapungua.